Nani Alibadilisha Ile Tisa

Mwanangu Yona,

Salamu naziacha, maana kabla jua halijazama utakuwa umerudi kutoka Mwankoko kumuaga bibi yako mzaa baba, na tutakula pamoja. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi lako dogo. Isome basi likishapita Katesh, ukiwa umetulia na huwezi tena kurudi kuniuliza.

Mambo ya nauli, ya kushika begi lako vizuri na ya kuamka mapema, baba yako ameshakuambia, na kesho asubuhi atarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimekuficha tangu ukiwa mdogo, kwa sababu linamhusu mtu unayempenda. Linamhusu mama yako mdogo Damari, ambaye kesho utalala nyumbani kwake Arusha, na utakaa kwake muda wote utakaosoma.

Nilikuwa nimeamua kufa nalo. Kilichonigeuza ni Jumapili iliyopita. Nilikuwa nje nanyonyoa kuku, wewe ukachuchumaa mbele yangu na kijiti mkononi, ukaanza kuandika ardhini.

"Mama, hebu tazama. Mwalimu anaingiza alama za mtihani kwenye kompyuta. Alama lazima iwe kati ya sifuri na mia. Akikosea akaandika mia mbili, kompyuta imkatalie."

Nikakuuliza inajuaje kumkatalia.

"Namba haiulizwi swali moja, inaulizwa mawili," ukasema. "Wewe hujashuka chini ya sifuri? Na wewe hujapita mia? Ikijibu vizuri yote mawili ndiyo inaingia. Mama mdogo alinifundisha likizo. Anasema maneno hayo aliyatunga mwenyewe, na anawaambia wanafunzi wake wote."

Nilikuambia vizuri sana, nikaingia ndani, nikakaa kitandani na manyoya ya kuku mikononi. Ulinifuata ukaniuliza kama naumwa. Nikakuambia ni kichwa.

Maneno yale ni yangu, Yona. Nilimwambia Damari mimi, kwenye kichumba kimoja pale kiwandani, yeye akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Wewe unajua niliwahi kufanya kazi kiwanda cha alizeti, na nimekuacha uamini kwamba nilikuwa kwenye mizani. Sikuwa kwenye mizani. Kompyuta ya kwanza kufika kiwandani pale, mtu wa kwanza kuiandikia programu alikuwa mama yako.

Nitakueleza ilivyokuwa.

Nilikuwa karani wa ushirika. Ushirika ulipoanguka tulirudishwa nyumbani, na serikali ikafungua milango, kila mwenye gari akaruhusiwa kununua mazao. Walikuja watu wa kila namna. Mnunuzi alikuwa akifungua gunia lako, anatia mbegu mbili mdomoni, anatafuna, anatema, anasema, "Mbichi hii." Hapo umekwisha. Umetoka na mzigo wako Ulemo au Misigiri, lori umelikodi na wenzako, linataka kuondoka. Unaiuza kwa bei anayotaka yeye. Kesho yake alizeti ile ile inaitwa kavu.

Ndipo tajiri mmoja wa Arusha akajenga kiwanda cha kukamua mafuta pembeni ya mji, hapa hapa Singida. Yeye mwenyewe alikuja mara chache, akaacha meneja. Jina la meneja silitaji, halina faida kwako. Tajiri alikuwa amechoka kununuliwa alizeti mbichi na makarani waliohongwa, ikamwozea ghalani. Akaleta kipimo cha unyevu, kikopo unachojaza mbegu kikakupa namba, na akaleta kompyuta. Fundi aliyekuja kuifunga alikaa nasi wiki kadhaa. Alitafuta mtu wa kumfundisha, na kwa kuwa mimi nilisoma hesabu hadi kidato cha nne na nilijua kupiga chapa, akanichukua mimi. Lugha aliyonifundisha iliitwa BASIC. Sijui kama siku hizi mnaitumia.

Kazi aliyoniachia ilikuwa ndogo. Unyevu ukiwa kuanzia tano hadi tisa, kompyuta iandike PITA. Ukiwa nje ya hapo, iandike RUDI. Zaidi ya tisa mbegu ni mbichi, itaoza. Chini ya tano, ama kipimo kimeharibika au mbegu ni ya zamani mno. Basi, ni hilo tu.

Fundi alipoondoka nikaandika jinsi tulivyoandika shuleni. Tano, kisha unyevu, kisha tisa, na zile alama za "ndogo kuliko au sawa" katikati yake, zote kwenye mstari mmoja. Nikaingiza saba. PITA. Nikaingiza nane. PITA. Nikafurahi sana, nikamwita Damari aone.

Damari alikuwa amemaliza shule mwaka ule na alikuwa anakaa kwetu. Kabla hajapata kazi ndiye aliyekuwa anakubeba mgongoni nikiwa kazini, ndiyo maana mpaka leo ukimwona unaruka. Nilikuwa nimemwombea kazi pale ya kunisaidia kuchapa, na meneja alikubali. Aliangalia kioo cha kompyuta, akasema, "Dada, weka arobaini."

"Arobaini haipo. Hiyo ni maji, si alizeti."

"Weka tu."

Nikaweka. PITA. Nikaweka mia tano. PITA. Damari alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ile ndoo, na mimi nikacheka, ingawa jasho lilikuwa linanitoka. Siku mbili nilikuwa nikitafuta kosa. Kompyuta ilikuwa inasoma nusu ya kwanza, inauliza kama tano haizidi unyevu, inapata ndiyo au hapana. Na kwake ndiyo na hapana ni namba, tena namba ndogo sana. Kisha inachukua namba hiyo ndogo na kuuliza kama haizidi tisa. Haizidi kamwe. Ungeweza kuiingizia uzito wa tembo, ingempitisha.

Nilipoelewa nilimwambia Damari, "Namba haiulizwi swali moja, inaulizwa mawili. Wewe hujashuka chini ya tano? Na wewe hujapita tisa?" Tukaandika upya, sehemu mbili, na neno "na" katikati. Yeye ndiye aliyechapa. Nakuambia hili ili ujue kwamba kulikuwa na siku nzuri. Sikuishi na adui. Niliishi na mdogo wangu, na nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote, ukikuondoa wewe.

Msimu ulipoanza wakulima hawakuamini. Walisema huyo ni mnunuzi yule yule, sasa anatafuna kwa mashine. Nikamwomba meneja tugeuze kioo cha kompyuta kielekee dirishani, mtu aone namba yake na aone neno. Hakupenda, lakini tajiri alikuwepo siku hiyo na akasema sawa.

Kulikuwa na Mzee Mkumbo, ambaye shamba lake linapakana na la babu yako kule Ulemo. Alileta magunia yake, kipimo kikasoma tisa kamili. Kompyuta ikaandika RUDI. Tulipoandika upya nilimtajia Damari "ndogo kuliko tisa", nikasahau "au sawa". Mzee hakupiga kelele. Alisogea dirishani, akasema kwa Kinyiramba, taratibu, "Mlitutangazia mwisho ni tisa. Hii ni ngapi?"

"Ni tisa, baba."

"Basi?"

Nikainama, nikarekebisha mbele ya watu wote, nikapima tena. PITA. Watu waliokuwa kwenye foleni waliguna kwa pamoja, sauti ile ya mtu aliyeshiba. Tangu siku ile malori ya Iramba yalikuja kwetu. Walikuwa hawasemi wanapeleka kiwandani. Walisema wanapeleka kwa Mama Yona.

Siku moja meneja alinifuata, mlango ameufunga nyuma yake. Aliniambia tisa ni nyingi, tushushe iwe sita. Nikamwambia kwamba sita hata alizeti iliyoanikwa juu ya mwamba haifiki kwa urahisi, watu wote watarudishwa. Akasema, "Wakirudishwa si hasara yako." Nikamwuliza ni hasara ya nani. Alimtazama Damari aliyekuwa kwenye ndoo yake pembeni, kisha akatoka. Nilimwambia Damari, "Umemsikia?" Akasema, "Nimemsikia, dada." Sikujua kwamba mle chumbani tulikuwa tumesikia vitu viwili tofauti.

Msimu wa pili, bibi yako wa Ulemo alipooza upande mmoja. Mtu alipaswa kwenda kumwuguza, na sisi binti zake tulikuwa wawili. Damari akasema, "Nenda wewe, dada, wewe ndiye mkubwa, mama atakutaka wewe. Mimi nitashika hapa." Nilimshukuru. Nilimwacha na mashine, na wewe nilikuacha na baba yako, nikaondoka.

Nilikaa Ulemo mpaka mama alipoweza kushika kikombe mwenyewe. Siku moja jioni nikamwona Mzee Mkumbo akipita njiani, anatoka Singida. Aliiona nyumba yenye mgonjwa, akaniona na mimi mlangoni, akapita. Hakuingia kumpa pole mama. Wewe umezaliwa mjini, hujui uzito wa kitu hicho. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikaenda kwake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekukosea nini?"

"Nilikuletea alizeti," akasema. "Nimeianika mwenyewe, watoto wameigeuza kila siku. Mashine yako imeniambia rudi."

"Ilisoma ngapi?"

"Nane."

"Nane inapita, baba."

"Mimi nakuambia ilivyosema."

Akanieleza yaliyofuata. Nje ya geti walikuwa wamesimama vijana na gari, wakinunua kwa bei ya kutupa kila kilichorudishwa. Lori lake lilikuwa limeshageuza. Akawauzia. Na alipokuwa anakunywa maji kwenye kibanda ng'ambo ya barabara, aliona gari la wale vijana likizunguka na kuingia kiwandani kwa geti la nyuma, na magunia yake juu, aliyatambua kwa kamba alizoshonea. "Tulikuletea wewe," akasema. "Tungejua tungewapelekea wale wanaotafuna. Wale tulishawazoea."

Alikuwa ameahidi kulipa deni la mbegu na dawa kwa alizeti ile. Mwaka ule aliuza ng'ombe wake wa kulimia, na msimu uliofuata nilimwona na jembe la mkono, umri ule.

Nilirudi Singida siku hiyo hiyo. Nilifika kiwandani wakati wa chakula, chumba kikiwa kitupu. Nikakaa kwenye kiti, nikaanza kuingiza namba. Nilianza na saba. RUDI. Nilifikiri nimekosea kubonyeza, nikarudia. RUDI. Sita. PITA. Nikaingiza sita na nusu. RUDI. Nikaingiza tisa, nane, tano, moja baada ya nyingine, nikitafuta ukuta mpya umejengwa wapi. Ulikuwa umejengwa pale pale meneja alipotaka.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho nimekijutia kuliko vyote. Sikumwita mtu. Niliifungua programu, nikaona sita mahali pangu pa tisa, nikaifuta, nikaandika tisa, nikahifadhi. Nilidhani narekebisha. Kumbe nilikuwa nafuta ushahidi wangu kwa vidole vyangu.

Damari akaingia, ana kanga yangu mabegani. Aliniona, akasimama.

"Dama, nani alibadilisha hii?"

"Umefika saa ngapi? Mama anaendeleaje?"

"Nani alibadilisha tisa?"

Akakaa kwenye ndoo yake. "Meneja alisema ni kwa muda tu."

"Alichapa yeye?"

"Yeye hajui kuchapa, dada. Unajua hajui."

Nilimwambia twende wote kwa tajiri tukamweleze, mimi nitazungumza, yeye akubali tu kwamba aliagizwa, kijana akiagizwa na mkubwa hana kosa. Akaitikia kwa kichwa. Jioni tulikula pamoja hapa nyumbani. Alikulisha uji kwa mkono wake. Nikaamini tumemaliza.

Tajiri alikuja wiki ile ile, kwa kuwa watu wa Iramba walikuwa wamekataa kushusha mizigo na habari zimemfikia. Walikusanyika uwanjani, wakulima wengi, Mzee Mkumbo akiwa mbele. Meneja akasema mbele yao kwamba kabla sijaenda kuuguza nilipanga na walanguzi wa getini, nikashusha kiwango, na baada ya kusikia tajiri anakuja nimekirudisha. "Nenda uangalie, bwana," akamwambia tajiri. "Leo ni tisa. Mwulize nani ameirudisha."

Tajiri akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeirudisha tisa.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Watu wakanung'unika. Nikasema nilirudisha kwa sababu ilikuwa imebadilishwa nisipokuwepo, na mdogo wangu huyu hapa anajua. Tajiri akamgeukia Damari. Alimwuliza kwa upole, maana alikuwa binti mdogo. "Programu hii aliandika nani?"

"Dada," Damari akasema.

"Peke yake?"

"Ndiyo. Peke yake."

Nikamwambia, "Dama, waambie nani alibadilisha."

Hakunitazama. Alikuwa anakunja ncha ya kanga. Akasema, na sauti yake nilikuwa naijua hata gizani, lakini siku ile sikuijua, "Mimi nachapa namba tu. Mambo ya ndani ya programu anayajua dada."

Nilingoja aongeze kitu. Mpaka leo sijui nilifikiri ataongeza nini. Tajiri aliniambia nichukue vitu vyangu. Nilipopita katikati ya wakulima walinipisha njia pana, kama unavyompisha mtu mwenye ugonjwa.

Damari hakulala kwetu usiku ule. Alipata chumba mjini. Msimu ulipokwisha, tajiri akamchukua Arusha, kwenye ofisi yake kubwa, na huko ndiko alikojiendeleza mpaka akafungua darasa lake la kompyuta. Meneja alikaa miaka miwili mingine. Wakulima walipeleka alizeti kwingine, mashine zikakaa bila kazi, tajiri akafunga, na meneja akaondoka na maisha yake bila kuulizwa na mtu.

Na mimi nikanyamaza. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana haya ndiyo yaliyonigharimu. Mama alikuwa mgonjwa, na nilijiambia habari hizi zitamwua. Kwa hiyo alikufa akimsifu Damari kwa blanketi alizomtumia kutoka Arusha, na akiniuliza mimi kwa nini niliacha kazi nzuri. Baba yako alitaka kwenda Arusha kumfuata, nikamzuia. Nilijiona ninalinda familia. Wewe ulirudi kutoka shuleni siku moja, ulikuwa darasa la pili, ukaniuliza, "Mama, eti wewe ndiye mwizi wa mashine?" Mtoto wa mtu wa Misigiri ndiye alikuambia. Nikakujibu, "Kanawe miguu, ule." Unakumbuka? Natumaini hukumbuki. Ulinawa miguu, ukala, hukuuliza tena, na nadhani ulipata jibu lako.

Nilipoanza biashara ya kuku pale stendi, akina mama wa kutoka Iramba walikuwa wakiipita meza yangu wakinunua kwenye meza ya pili. Ilichukua muda. Nilikwenda Ulemo mwenyewe, baada ya msiba wa mama, nikamweleza Mzee Mkumbo yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mbona hukusema siku ile?"

"Nilisema, baba. Nilisema mdogo wangu anajua."

"Ulimwachia yeye akusemee," akasema. "Ungesema wewe. Ungesema, huyu ndiye aliyechapa."

Ni kweli. Nilimpa nafasi ya kuniokoa kwa kuwa nilikuwa na hakika ataniokoa. Ningesema mwenyewe, kwa sauti, pengine nisingeaminiwa, lakini ningekuwa nimesema. Mzee alinipa jogoo siku ile. Sikumchinja kamwe, alikufa mwenyewe.

Mwezi uliopita Damari alipokuja kuzungumza habari zako, nyinyi mlikuwa mmekwenda kwenye mnada na baba yako. Tulikaa wawili sebuleni. Miaka yote hii tumeonana misibani na harusini, tumepeana mikono, lakini hatujawahi kukaa wawili. Alisema chumba kipo, chakula kipo, ada ya chuo baba yako ameshaipata, hakuna haja ya kupanga nyumba kwa wageni. "Yona ni mwanangu, dada."

Nikamwuliza. Sikuwa nimepanga kuuliza. Nikasema, "Kwa nini, Dama?"

Hakujifanya hajui. Alitazama mlango, akasema, "Ulinifundisha kila kitu, dada. Lakini kiti kilikuwa kimoja."

"Ungeomba ningekupisha."

"Ndiyo maana sikuweza kuomba," akasema. Kisha akaweka kikombe chini. "Yalikwisha hayo. Tusimharibie mtoto."

Hakusema samahani. Nilisikiliza vizuri sana, Yona, kama mtu anayesikiliza mvua ya kwanza, na hakusema. Mlipoingia na baba yako mlitukuta tunazungumza juu ya bei ya mashuka.

Kanisani nimesema nimesamehe, tena mbele ya mchungaji. Kwako siwezi kuandika uongo. Sijasamehe. Wizi wa kazi ningeuzoea, kazi zinapotea kila siku, nchi nzima ilipoteza kazi miaka ile. Ninachoshindwa ni ule mkono uliokulisha uji jioni ile, ukijua utakachofanya. Na sasa nasikia anawafundisha watoto wa watu maneno yangu na kusema ni yake.

Kwa nini basi nakuacha uende kwake? Baba yako ameniuliza hivyo hivyo. Kwa sababu umepata nafasi chuoni na nyumba nyingine Arusha hatuna. Na kwa sababu anajua kazi. Hilo siwezi kumnyima, ana akili kuliko mimi, ndiye aliyesema "weka arobaini" wakati mimi nilikuwa nafurahia nane yangu. Atakufundisha vizuri. Ukiandika kitu, atakuambia usijaribu namba za katikati, jaribu pale mwisho na hatua moja nje ya mwisho. Msikilize. Ila ukikuta kazi yako imeguswa na mtu mwingine, usikimbilie kurekebisha. Ita watu kwanza, waone ilivyo, ndipo uiguse.

Sikupi kisasi changu ukibebe kwenye begi. Atakupokea stendi, mwamkie kama siku zote, mpokee mzigo. Kula chakula chake na umshukuru kwa moyo. Akiugua, mwuguze. Mapenzi uliyo nayo kwake aliyapata kwa haki, alikubeba mgongoni, hayo hayahusiani na mimi.

Lakini iko siku atakuuliza. Huenda ikawa kesho mkiwa njiani kutoka stendi, huenda ikawa baada ya mwaka. Atauliza huku anafanya kitu kingine, anakunja nguo au anatafuta funguo. Atasema, "Mama yako aliwahi kukusimulia habari za kiwandani?" Usinilinde mimi, na usimlinde yeye. Sema ndiyo, amenisimulia. Usiongeze neno. Nyamaza, umwache aseme yeye.

Akisema chochote, kiwe kizuri au kibaya, niandikie kama alivyokisema. Asiposema kitu, usiniandikie habari hiyo kabisa. Niandikie habari za masomo.

Mama yako